Ami Bisada Anaomba Ruhusa

Katika watumishi wote wa kanisa letu la Nag Buktur, Ami Bisada peke yake ndiye aliyeingia kazini na njaa na kutoka kazini na njaa. Wengine tunawajua. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi aliingia mwembamba kama ufito, na leo akipita mlango wa sakristia anapita ubavu. Lakini mwoka mkate wa ibada hatakiwi kutia kitu kinywani mpaka misa imalizike, hata tone la maji, na Ami Bisada alioka kila Jumatano, Ijumaa na Jumapili kwa miaka thelathini na minane. Mtu aliyesimama na harufu ya mkate wa moto puani miaka yote hiyo asiumege, kama huyo haendi mbinguni basi sisi wengine tusijisumbue hata kufua kanzu.

Alikuwa akiokea katika kijumba kilicho nyuma ya kanisa, upande wa mashariki. Kijumba hicho kinaitwa Bethlehemu, kama vijumba vyote vya kazi hiyo katika makanisa yetu. Mle ndani husomwa zaburi tu, mwoka akande na kusoma, asome na kukanda, na soga ni marufuku. Ukiingia bila kubisha Ami Bisada hakukatiza zaburi yake. Aliruka tu mpaka kwenye aya ya watenda maovu, akaisoma kwa sauti huku anakutazama. Mimi niliwahi kwenda kumwomba anifundishe. Nilikuwa nimerudi kutoka Asyut bila shahada na bila kazi, nikawa shemasi wa kushika mshumaa, nikaona walau nijifunze kuoka. Alinikagua kuanzia viatu.

"Chuo kikuu kilikushinda," akasema, "unga ndio utauweza? Unga hauna mtihani wa marudio."

Mkate wenyewe ni wa ngano na chachu, bila chumvi. Juu hupigwa muhuri wa mbao wenye msalaba mkubwa katikati na misalaba kumi na miwili midogo kuuzunguka, kisha hutobolewa matundu matano. Inayopelekwa madhabahuni huwa mitatu, au mitano, au saba. Lazima iwe witiri, na padri huteua mmoja usio na doa wala ufa wala kibonyeo, huo ndio unaoitwa Mwanakondoo. Mingine hugawiwa watu mlangoni wakati wa kutoka. Ikiwa miwili au minne, ibada haianzi. Ndivyo tulivyopokea kwa mababu, na babu zetu hawakuwa watu wa kuulizwa kwa nini.

Padri wetu, Abuna Yassa, aliwekewa mikono mwaka uleule Ami Bisada alioanza kuoka. Katika kuteua alikuwa balaa. Aliinua mkate mmoja akaunusa, akaugeuza, akaugonga kwa kidole, akaurudisha, akachukua wa pili, mfano wa mwanamke anayechagua biringani kwa muuzaji aliyempunja jana. Hakuwahi kumsifu Bisada. Sifa yake kubwa ilikuwa "unafaa," na aliitoa mara nne katika miaka thelathini na minane. Bisada alizijua tarehe zote nne.

Na hao wawili ndio walikuwa marafiki. Baada ya misa walikaa kwenye benchi la nje ya Bethlehemu, wakanywa chai nyeusi kama dhambi, hawasemezani. Mke wa Bisada alipofariki, miaka kumi na miwili iliyopita, Abuna alikaa naye kwenye benchi lile siku arobaini mfululizo, na siku ya arobaini na moja akamwambia mkate wa jana ulikuwa na tundu moja limekwenda upande. Bisada akainuka, akaenda kukanda. Sisi tuliokuwa karibu tulidhani Abuna hana moyo. Tulichelewa kuelewa mambo mengi kuhusu wale wazee.

Bisada alikuwa na mtoto mmoja, Irini, nesi, aliyeolewa na kwenda Kanada na mumewe miaka tisa nyuma. Mwezi wa kwanza, siku chache baada ya Krismasi yetu ya tarehe saba, karatasi zikaja. Irini alikuwa amemwombea baba yake akakae naye. Si kutembea, kukaa. Tiketi ilikuwa ya Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, na viza ilikuwa inakufa siku nne baadaye. Habari hiyo tuliipata kwa Mama Rizq, jirani anayetazamana na Bisada ng'ambo ya kichochoro, mwanamke ambaye husikia jambo kabla halijatokea.

Tulihuzunika kama watu wa Saidi, sisi wa kusini, wanavyohuzunika, yaani tulikasirika. Huyo Irini ana nini? Ana mume, ana nyumba, ana theluji, sasa anamtaka na baba? Mama Rizq alisema watoto wa siku hizi wakishiba huko nje wanakumbuka kuwa walikuwa na wazazi, wanawaagiza kama wanavyoagiza bamia kavu. Tukacheka. Hakuna aliyemuuliza Bisada mwenyewe kwa nini anakwenda. Tulimuuliza tu anakwendaje akatuacha.

Sasa, kwetu mtu haondoki safari ya namna hiyo bila kuwekewa mkono kichwani na padri anayemuungamia. Hilo halijaandikwa popote. Unaweza kuvuka mpaka bila pasipoti ukabahatika, lakini bila ruhusa ya baba yako wa kiroho unavuka na nini? Yupo fundi cherehani wetu aliyekwenda Kuwait bila ruhusa zamani za ujana, na hadi leo akipata mafua watu wanatazamana. Kwa hiyo Ami Bisada, tiketi mfukoni, alikwenda kwa Abuna Yassa jioni ya Jumatatu kuomba ruhusa.

Abuna alikuwa anaumwa kichwa.

Jumanne kichwa kilikuwa kimeshuka tumboni. Alhamisi Abuna alimpitia mbio uani, akamwambia asubiri mfungo wa Yona upite, mambo mazito hayazungumzwi katika mfungo. Mfungo wa Yona ni siku tatu. Ulipopita, Abuna alikuwa amekwenda kwenye monasteri kutafakari, yeye ambaye tangu tumjue hakuwahi kutafakari bila kusinzia. Padri huyu amewahi kumtoa mtu pepo mbele ya macho yetu, akamshika ndevu na kumfokea mpaka pepo akaomba radhi. Sasa alikuwa anatorokea mlango wa nyuma akimkimbia mzee mwenye unga kwenye nyusi.

Ndipo tulipoelewa. Padri asipopatikana, hakuna ruhusa. Bila ruhusa, Bisada haendi. Hakikuitishwa kikao, na hilo peke yake ni muujiza katika kanisa lenye kamati kumi na moja, lakini kila mtu alijua wajibu wake. Mama Rizq alikaa dirishani, na Bisada akitoka kwake tu alikung'uta zulia, tak tak, na mtu aliyesimama pembeni mwa kichochoro akakohoa, na Abuna akapata habari kabla Bisada hajafika kwenye bomba la maji. Siku moja hapakuwa na pa kukimbilia, tukamtia Abuna katika darasa la watoto wadogo wa shule ya Jumapili. Alikaa saa nzima kwenye kiti cha futi moja, magoti masikioni, akipaka rangi safina ya Nuhu. Mwalimu alisema twiga wake alikuwa mzuri.

Malak, mlinzi wa kanisa, ndiye aliyekuwa anafundishwa kuoka ili arithi kazi. Tulimwomba awe mgumu kuelewa. Hakuhitaji kuombwa sana. Mikate yake ilitoka imepasuka kama visigino vyake, na Bisada akawa anaanza upya kila siku, kwa upole ambao hatukuuzoea kwake. Upole ule ungetushtua kama tungekuwa na akili.

Mimi nilifanya langu. Ijumaa moja aliniuliza Abuna yuko wapi, nikamwambia amekwenda mazishini, kijiji cha ng'ambo ya mfereji. Kijiji kile hakuna aliyekufa. Alikodi bajaji akaenda, miaka sabini na mmoja ile, na vumbi lile. Kesho yake alinifuata kwenye stoo ya mishumaa, akafunga mlango nyuma yake, akasimama pale akiviringa viringa ncha ya shali yake.

"Shemasi," akasema, "Abuna akirudi mwambie si safari peke yake. Nina neno la kuungama."

Nikamwambia nitamfikishia. Sikumfikishia. Nilidhani ni hila ya mzee.

Zikaenda hivyo wiki tatu. Sherehe ya kumuaga haikuandaliwa, kwa sababu kuiandaa ni kukubali. Tulikuwa tunahesabu siku za viza kuliko yeye. Ukituuliza wakati ule tungesema ni mapenzi, na tungeapa.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Ndege ni Jumanne. Abuna alikuwa ameingia kanisani kwa mlango wa kaskazini kabla ya mapambazuko na kujifungia ndani ya madhabahu kama kasa. Lakini kuna dakika moja katika ibada ambayo padri hawezi kuikimbia. Ni pale anaposimama mlangoni pa madhabahu, uso kwa watu, na kapu la mikate linaletwa mbele yake ateue. Na kanisani kwetu kapu alilileta Bisada mwenyewe.

Nilikuwa nimesimama upande wa kushoto na mshumaa wangu, hatua mbili tu. Kwaya ikaanza "Bwana, utuhurumie," ambayo katika uteuzi huo huimbwa mara arobaini na moja. Bisada akaja peku, kanzu nyeupe, kapu la makuti mkononi, kitambaa juu. Abuna akafunua kitambaa bila kumtazama usoni. Akanyoosha mkono achague, na mkono ukabaki hewani.

Kulikuwa na mikate miwili.

Abuna akaihesabu kwa kidole, kana kwamba miwili ni hesabu ya kukosewa.

"Wa tatu uko wapi?"

"Ninao," Bisada akasema.

"Ulete."

"Niwekee mkono kwanza, Abuna. Niende."

"Bisada, hapa ni mlangoni pa madhabahu. Si mnadani."

"Mnadani ungekuwa umeshatoroka."

Nikaona mkono wake wa kulia umo ndani ya kanzu, kifuani, umeshika kitu kimefungwa kitambaa. Ule ndio ulikuwa mkate wa tatu, bado una moto. Nilitaka kucheka na nilitaka ardhi inimeze, na nta ilikuwa inanidondokea kidoleni.

Abuna akanong'ona kuwa watu wanasubiri, malaika wanasubiri. Bisada akajibu kwa kunong'ona vilevile kwamba basi wote ni wenzake, yeye amesubiri wiki tatu na ameshakaa hata kwenye mazishi yasiyo na maiti. Niliutazama mshumaa wangu kwa bidii. Abuna akasema baada ya misa. Bisada akasema baada ya misa utaumwa kichwa. Nyuma yao watu waliimba, ishirini na nane, ishirini na tisa, na wale wa viti vya nyuma walishaanza kunyoosha shingo.

Hapa lazima niseme juu ya kipaza sauti. Kamati ilikuwa imemnunulia Abuna kile kidogo cha kubana kifuani, ili wazee wa nyuma wasikie mahubiri. Abuna hakujifunza kukizima. Tulishamsikia akikohoa, akimgombeza Malak, akiuliza nani amekula ndizi yake. Asubuhi ile kilikuwa kinawaka tangu mwanzo, ila mnong'ono wao ulifunikwa na wimbo, na hakuna aliyekuwa na habari.

Wimbo ukafika arobaini na moja. Mwongoza kwaya akamtazama Abuna apate ishara ya kuendelea. Hakuna ishara. Akashusha mkono. Kanisa zima likanyamaza, watu mia tano, hata watoto. Na katika ukimya ule, kutoka kwenye spika nne za ukutani, tukaisikia sauti ya Abuna Yassa kama tusivyowahi kuisikia, sauti ya mzee aliyechoka.

"Wewe una pa kwenda. Mimi asubuhi nitakaa na nani?"

Bisada akajibu. Mambo aliyosema ni ya siri ya nyumba, na nisingeyaandika kama Irini mwenyewe asingeniambia mwaka jana niandike tu, kwamba aibu si yake.

"Mume wa Irini amemwacha, Abuna. Mwezi wa nane huu. Yuko mji mwingine na mwanamke mwingine. Irini anafanya kazi zamu ya usiku hospitalini, hana wa kumwachia mtoto. Anamfungia mlango. Mtoto ana miaka sita." Akavuta pumzi, na spika nne zikavuta pumzi. "Kule ikiwa saa tatu usiku, huku ni saa kumi alfajiri, mimi nakanda. Mtoto ananipigia. Naweka simu juu ya gunia la unga, namsomea zaburi mpaka nisikie amelala. Zile siku ambazo sioki naamka vilevile. Lakini akiota vibaya saa nane ya kule, Abuna, mimi simsikii."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wiki tatu nakufuata nikuambie."

Sijui kama umewahi kusimama ndani ya kanisa lenye watu mia tano ambao wote wametambua jambo moja kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mwenye kukohoa pembeni alikuwemo. Malak alikuwemo, na visigino vyake. Mimi nilikuwa na mshumaa mkononi na mazishi ya uongo moyoni. Tulikuwa tumemshikilia mzee wa watu kama mateka, tukikung'uta mazulia, na upande wa pili wa dunia mtoto wa miaka sita amelala peke yake ndani ya mlango uliofungwa.

Na juu ya hilo, siri ya Bisada ilikuwa imekwisha kumwagika. Kwetu binti kuachwa na mume ni jambo ambalo watu huhama mji kwa ajili yake. Alikuwa ameificha miezi minane. Alikuwa tayari kumwambia mtu mmoja tu chini ya jua. Sikio lake la kulia halisikii vizuri na la kushoto alikuwa amemtegea Abuna, kwa hiyo alikuwa bado hajajua kuwa tumesikia.

Ndipo Mama Rizq alipoanza. Upande wa wanawake, peke yake, bila kwaya, bila noti, kwa sauti ile anayowaitia mbuzi, "Bwana, utuhurumie." Mwanamke kuanzisha wimbo kwetu ni kitu cha kuitiwa kamati. Akarudia. Wa jirani yake akaingia, kisha safu nzima, kisha wanaume tukaelewa, tukaingia kwa nguvu, na mwongoza kwaya akaja nyuma yetu akikimbia na matoazi. Tukaimba kama watu wanaobomoa ukuta. Tukaimba ili kwamba akigeuka aone watu wanaoimba, watu ambao hawakuacha kuimba hata kidogo, watu wasiosikia kitu. Hakuna aliyehesabu. Inawezekana tulifika mia.

Abuna akaweka mkono kichwani pa Bisada. Akauweka wa pili. Alisema maneno marefu, midomo ilikuwa inatikisika, nami nilikuwa hatua mbili na sikusikia hata neno.

Bisada akautoa mkate kifuani, akaufungua, akauweka kapuni. Sasa ikawa mitatu. Ulikuwa umebonyea upande mmoja, pale alipoubana na mbavu. Abuna hakunusa, hakugeuza, hakugonga. Akauchukua uleule.

"Huo umebonyea, Abuna," Bisada akasema, ameshtuka kabisa. "Haufai huo. Chukua mwingine."

"Nyamaza, Bisada."

Akageuka nao, akaingia madhabahuni, na misa ikaanza.

Baadaye, sakristiani, Abuna alipokuwa anavua mavazi aliona kile kitaa kidogo cha kijani kinawaka kifuani. Akakaa chini, juu ya sanduku la uvumba. Akaniuliza kwa macho. Nikamwambia kwa macho. Akashika ndevu zake kwa mikono miwili, akakaa hivyo mpaka Malak alipokuja kufunga madirisha.

Jumatatu mji mzima uliingia nyumbani kwa Bisada kufunga mizigo. Ukiwa na hatia huna pa kuipeleka, unaipeleka katika vyakula. Ilikuja bamia kavu ya kutosha kikosi, mlenda mkavu wa mulukhiya, asali nyeusi ya miwa katika chupa za soda, mikate ya jua iliyoumukia juani, na bata wawili waliokaangwa ambao Mama Rizq aliwafungia humo huku anaapa kuwa watu wa uwanja wa ndege ni binadamu, wataelewa. Kamati ya ujenzi ilileta ngao ya heshima, mbao na kioo, nzito kama jiwe la kaburi, ina jina la Bisada na, kwa herufi kubwa zaidi, jina la mwenyekiti. Bisada aliishukuru, akaiacha chini ya kitanda. Hakuna aliyetaja lolote kuhusu Jumapili. Watu walizungumza juu ya baridi ya Kanada tu. Wanaume wazima walikaa saa tatu wakijadili soksi.

Jumanne asubuhi gari lililokuwa linampeleka uwanja wa ndege wa Luxor lilisimama barabara kuu, kwa sababu kichochoro hakipitishi gari. Tulikuwa tumejipanga pande mbili. Anayeondoka kwetu huomba msamaha kwa kila mmoja, kwa jina, na Bisada alianza mwanzo wa mstari. Nisamehe, nilikufukuza Bethlehemu mwaka ule. Nisamehe wewe, nilimwita mwanao pipa. Na kila aliyeombwa alijibu "Mungu amekusamehe," huku anatazama chini, kwa kuwa alijua deni liko upande gani. Alipofika kwangu sikumwacha aanze.

"Ami, yale mazishi," nikasema.

"Walinipa kahawa nzuri," akanijibu. "Wewe kijana ni mwongo mbaya, tafuta kazi nyingine." Akanishika shavu kwa kiganja chake, kigumu kama gome, akaendelea.

Mama Rizq alikuwa amevaa nyeusi zake za Ijumaa Kuu. Alisubiri mpaka amfikie, akamwombea safari, akamkumbusha bata wasikae sana mfukoni. Kisha akasema, kwa sauti ya wote kusikia, "Msalimie Irini. Na mumewe pia, umsalimie sana. Mwambie tunamkumbuka."

Bisada akamtazama. Akamtazama muda mrefu, kisha akatutazama sisi, mstari mzima, mmoja mmoja, na nadhani pale ndipo alipojua.

"Zitafika, Mama Rizq," akasema.

Basi kila mtu aliyefuata akasema hivyohivyo. Msalimie Irini na mumewe. Msalimie mkwe. Mwambie mkwe asisahau kwao. Malak alisema mwambie mkwe nikipata picha yake nitaitundika, jambo ambalo lilikuwa limezidi, lakini ndiye Malak. Bisada aliitika kila moja, zitafika, zitafika, machozi yanashuka bila kufutwa mpaka kwenye shali, na aliitikia kwa heshima kama mtu anayepokea zawadi dhaifu isije ikamvunjikia mkononi.

Abuna Yassa alikuwa mwisho wa mstari, karibu na gari. Joho lake lilikuwa limefungwa vibaya vifungo. Bisada akainama kumbusu mkono kama tunavyowabusu mapadri, na Abuna, ambaye kwa desturi huuvuta upesi kwa unyenyekevu, safari hii aliushika mkono wa Bisada kwa mikono yake yote miwili. Akaushika. Dereva akawasha gari. Akaushika tu. Malak alifunga buti, akafungua mlango wa abiria, akakohoa. Abuna hakuachia, alikuwa anautazama ule mkono tu, kucha zenye unga zisizosafishika, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Tukaanza kutazama angani, kutazama viatu. Hakuna aliyethubutu kumgusa padri.

Bisada akamsogelea sikioni, ila wazee hawajui kunong'ona.

"Mtoto analala saa tatu, Abuna," akasema.

Abuna akamwachia.

Gari likaondoka polepole kwa ajili ya mashimo, kisha likashika lami. Alikuwa amekaa mbele, nasi tuliona kisogo chake tu na mkono mmoja nje ya dirisha, hapungi, ameuacha tu uko nje. Likapita bomba la maji, likapita shule, likakunja kwenye kituo cha mafuta. Tulibaki tumesimama katikati ya barabara, Abuna akiwa mbele yetu, mikono yake bado imekaa vile ilivyokuwa imeshika, mpaka lori la miwa lililotoka nyuma likatupigia honi ndefu, tukasogea.